Sura ya Saba: Kaburi Lisilo na Taa

"Safi," alisema Ndugu Baldassare, akausukuma mkoba wa mwisho wa hati katikati ya meza. "Safi kuliko shuka za askofu. Tutie sahihi, tule, kesho alfajiri tushike njia."

Ndugu Leandro alikuwa ameishika ile barua isiyo na jina kwa ncha za vidole, anaiinamisha dirishani huku na huku kama mtu anayekagua yai asiloliamini.

Siku ya tatu hiyo wamo Petraversa, katika sebule ya juu ya Don Ignazio Mancarella, watu wazima wawili wenye majoho meusi na msalaba mweupe wa ncha nane kifuani. Walikuwa wametumwa na Jumuiya ya mashujaa wa Malta. Kijana wa nyumba, Corrado, aliyetimiza miaka kumi na minane, ameomba avishwe msalaba huohuo, na sheria ya Jumuiya haina huruma: babu wawili, bibi wawili, wote wanne wawe waungwana wa nasaba, wasiowahi kuuza dukani wala kutumika kwa ujira. Akipungua mmoja tu, basi tena. Merikebu ya makasia ingeondoka Messina baada ya siku nane. Corrado ama angekuwa ndani yake, ameshakuwa mtu mbele za watu, ama angebaki gatini na baba yake akichekwa mji mzima.

"Barua imesema nini?" aliuliza Leandro.

"Ala! Umeisoma mara ishirini."

"Nisomee tena kwa kichwa."

Baldassare alishusha pumzi. Alikuwa mnene, ana jongo la mguu wa kulia, na mguu wenyewe alikuwa ameupandisha juu ya kiti cha pili. "Imesema babu mzaa mama, Don Vito, alikuwa akipima vitambaa dukani kwa mkono wake. Tumechimba siku tatu. Tumeona hati za mashamba, wosia, ubatizo, mpaka barua ya mfalme. Don Vito hakupima hata leso. Mwandishi ni mwongo mwenye kijicho. Imekwisha."

"Hati hizo zilikuwa wapi?"

"Sandukuni."

"Zina vumbi?"

Baldassare alitazama vidole vyake, akavisugua. "Hazina."

"Karatasi za miaka mia mbili, hazina vumbi. Zimepangwa mwaka kwa mwaka, zimefungwa utepe mpya. Tulipoziomba, Don Ignazio alikawia?"

"Hata kikombe changu hakikupoa."

"Haya. Sisi tulifika mji huu lini?"

"Jumatatu adhuhuri, kimyakimya kama wezi, sheria inavyotaka."

"Na barua?"

"Ilitufikia saa nane."

"Kati ya adhuhuri na saa nane, nani alijua sisi ni nani na tumekuja kufanya nini?"

Baldassare alikaa wima. Mguu wa jongo ulishuka kitini wenyewe. "Don Ignazio peke yake. Weee! Mtu ajishtaki mwenyewe?"

"Ajishtaki pale asipoumia. Tuhangaike na Don Vito mpaka tuchoke, tuone haya kwa kumshuku mtu bure, kisha kwingine tupitishe macho juujuu. Bibi mzaa baba, Donna Eufemia Vintirri, tumempa muda gani?"

"Robo saa," alisema Baldassare polepole. "Mashahidi wanne."

"Wazee wanne, kila mmoja akaingia hapa peke yake, na kila mmoja akasema, 'alikuwa bibi wa nasaba kongwe na mwenendo usio na doa.' Neno kwa neno. Umewahi kuona wazee wanne wakamsifu mwanamke mmoja kwa maneno yaleyale?"

"Sijaona wazee wawili wakikubaliana juu ya mvua."

Leandro akamnyooshea barua. Pembeni palikuwa na alama, duara hafifu la mafuta, kubwa kama kitako cha kikaango. Baldassare aliinusa. Kwa mambo ya pua hakuwa na mpinzani Sicilia nzima.

"Mafuta ya zeituni. Kitunguu. Na kwa mbali, shamari."

"Imeandikwa juu ya meza ya jikoni."

"Basi mwandishi ana akili. Mimi pia ningeandikia huko."

"Nyumba hii ina chumba cha kuandikia chenye meza ya mbao za jozi na wino wa rangi mbili," alisema Leandro. Aliikunja barua, akaitia kifuani. "Chukua fimbo yako. Tunakwenda kanisani."

* * *

Ilikuwa tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu. Mji mzima umevaa nyeusi, na kila mtu amebeba taa yake ya mafuta kwenda kwa wafu wake. Watoto wanatafuna wanasesere wa sukari waliowakuta asubuhi chini ya vitanda, zawadi za babu zao waliokufa. Baldassare alinunua pakiti ya zile biskuti ngumu ziitwazo mifupa ya wafu, akawa anazivunja kwa magego huku anachechemea. Watu waliwapisha njia na kuwatazama migongo. Watu wa Petraversa ukiwauliza saa, watakuuliza kwanza unaitakia nini.

Kikanisa cha ukoo wa Mancarella kilikuwa ubavuni mwa madhabahu. Sakafuni mawe tisa ya makaburi, na juu ya mawe manane taa zinawaka. Pale alipolala mama yake Corrado, aliyefariki siku ya kumzaa, palikuwa na taa mbili na tawi la mharadali.

Jiwe la tisa lilikuwa kavu. Leandro aliinama akasoma kwa sauti: "Hapa amelala Donna Eufemia Vintirri, mke wa Gaspare, mama wa Ignazio. Mwaka 1634." Juu ya maandishi, nembo ya ukoo: mnara na nyota tatu.

"Wamemsahau maskini," alisema Baldassare, mdomo umejaa.

"We mzee!" Leandro alimwita mtunza kanisa, mtu mfupi aitwaye Saro, aliyekuwa akijifanya anafagia hatua tatu kutoka kwao. "Jiwe hili limewekwa lini?"

"Ah, bwana mkubwa, zamani."

"Zamani ya lini?"

"Zamani tu."

"Wewe umefagia hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Ulilikuta?"

Saro alitazama ufagio. "Sikulikuta. Lilikuja na Don Ignazio alipohamia kutoka pwani, kurithi nyumba ya ami yake. Mwaka wa kumi na tisa sasa. Alisema ameleta mifupa ya mama yake."

"Taa huwasha nani?"

"Mwenyewe. Kila mwaka anakuja na chupa ya mafuta, hataki mtumishi amshikie. Anaanza kwa ami, anakwenda hivi, anazunguka hivi."

"Na hili?"

"Hili hulivuka."

"Mwaka huu tu?"

"Kila mwaka, bwana." Saro alisogea, sauti ikashuka. "Mwaka juzi niliona huruma, nikamwashia mimi. Si mama wa mtu? Don Ignazio alirudi kuchukua kofia yake, akaiona. Haki ya Mungu nilidhani atanipiga! Aliizima ile taa kwa vidole vitupu, akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu, akaniambia nikirudia atanitoa kazini."

Leandro alimshukuru, wakatoka nje kwenye jua.

"Basi limeeleweka," alisema Baldassare. "Kaburi tupu. Hakuna Eufemia wala mifupa yake. Mtu hawezi kupoteza mafuta kwa jiwe."

"Kaburi tupu ndilo la kwanza kuwashiwa. Mtu aliyechonga nembo, akalipa wazee wanne maneno ya kusema, ataona uchoyo wa mafuta kijiko kimoja? Taa ile ingemsaidia. Kila mwaka anaiacha, na anajua watu wanaona."

"Kwa nini basi?"

"Jiwe limeandikwa mama wa nani?"

"Mama wa Ignazio."

"Mama yako alipokuwa hai, ungekwenda siku kama ya leo ukamwashia taa ya wafu?"

Biskuti ilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Mungu apishe mbali! Si ni kumwitia kifo kwa mikono yangu?" Kisha macho yakamtoka. "Loo. Leandro. Yu hai!"

"Yu hai, naye si muungwana, la sivyo asingefichwa. Nisilolijua ni mahali alipo. Pwani nyumba yao iliuzwa. Kama amefichwa monasterini, zote za jimbo hili nina orodha yake..."

"Ngoja," alisema Baldassare. "Ngoja kidogo. Ile supu ya maharage ya jana."

"Imefanyaje?"

"Ilikuja ya baridi, na chumvi ya kutosha kukausha samaki. Sasa sikiliza. Asubuhi yake Don Ignazio alimtukana mchunga farasi matusi ya ukoo mzima kwa sababu ya ndoo. Dobi naye alirushiwa kola usoni. Lakini supu ile aliinywa mpaka chini, akamwambia yule mpishi mzee, 'ahsante, Bi Nunzia.' Mimi nikadhani ni adabu kwa sababu yetu wageni."

"Alipoingia na sahani, Don Ignazio alifanya nini?"

Baldassare alifikiri. "Aliinuka nusu kitini. Nikadhani anajikuna."

Leandro alisimama katikati ya njia. Barua ile iliandikiwa jikoni. Bwana mwenye meza ya jozi hashuki jikoni kuandika, ila kama yule anayemwambia cha kuandika yuko huko.

"Tumemkamata," alisema Baldassare, lakini sauti haikuwa na furaha.

"Hatujakamata kitu. Tuna supu na utambi. Nikienda Malta na supu watanicheka mpaka bandarini. Nataka neno, litoke kinywani mwao, karani wetu alisikie."

"Atakana. Kama barua ile ni ya kichwa chake, mwanamke huyo atakana hata jina lake."

"Atakana, ndiyo," alisema Leandro. "Kwa hiyo sitamtegemea yeye."

* * *

Waliporudi, Corrado alikuwa uani anavua buti za kupandia farasi. Kijana mzuri, mrefu, ameshaanza kutembea kama mtu aliyevishwa tayari. Alimrushia Bi Nunzia buti moja, kisha ya pili, naye akazidaka kwenye aproni.

"We bibi! Zing'arishe vizuri. Messina nataka watu wajione sura humo!"

"Ndiyo, bwana mdogo."

"Jana uliacha tope kisiginoni."

"Leo sitaacha, bwana mdogo."

Kijana alipita bila kumtazama. Mzee alibaki amesimama, buti kifuani, anamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Leandro alimwona, akageuza uso.

Saa kumi Leandro alimwita Bi Nunzia sebuleni. Don Ignazio, mtu wa miaka arobaini na miwili mwenye ndevu zilizochongwa, aliwafuata mpaka mlango wa sebule.

"Mpishi, Ndugu Leandro? Mpishi hajui lolote. Ni mzee, anachanganya mambo."

"Basi haitachukua muda. Sheria inataka shahidi mmoja wa ndani ya nyumba. Utatungoja hapo ukumbini."

Karani alikwenda kufunga mlango, maana ushahidi hutolewa faragha. "Acha nafasi kidogo," alisema Leandro. "Moshi wa mkaa unanibana kifua."

Baldassare alilitazama jiko la mkaa. Halikuwa na moshi hata wa kufukuzia mbu.

Bi Nunzia aliketi, mikono kwenye aproni. Mdogo wa umbo, macho makali.

"Mimi ni mpishi, bwana. Niulize chumvi."

"Ya jana ilizidi."

"Mkono uliteleza. Nikamuona huyu bwana mnene anavyoipenda, nikasema itamfaa tu."

Baldassare alikohoa. Leandro aliendelea. "Donna Eufemia ulimfahamu?"

"Nilimpikia miaka sita, huko pwani."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole. Mgonjwamgonjwa. Mikono laini, hata yai hakujua kulichemsha."

"Alikufa na nini?"

"Homa. Siku ya Mtakatifu Yosefu, asubuhi, kengele ya pili."

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Alizikwa na nguo gani?"

"Ya kijani, ya harusi yake. Kola ya lesi, imetoboka hapa."

Majibu yalikuja upesi, moja baada ya jingine, wala hakuyatafuta. Miaka thelathini na minane imepita, naye anakumbuka tundu la kola. Karani aliandika mbiombio.

"Na Ignazio mdogo, alilia?"

Hapo alichelewa. "Watoto wote hulia," alisema.

"Vizuri. Limebaki la kuapa." Leandro aliweka Injili mezani mbele yake. Bi Nunzia aliiangalia, asiiguse.

"Bwana, wewe ni mtawa, umesoma. Anayeapa uongo juu ya kitabu hiki, anakwenda motoni?"

"Anakwenda."

"Milele?"

"Milele."

"Peke yake, au na watoto wake?"

Kalamu ya karani ilisimama. "Peke yake," alisema Leandro.

"Una hakika? Hawamfuati?"

"Nina hakika."

"Basi leta." Alifuta mkono wa kulia kwenye aproni, mbele na nyuma, akauweka juu ya kitabu.

Leandro alisimama. Hakusoma kiapo kwa kunong'ona, kama ilivyo desturi ya chumba cha ushahidi. Alikisoma kwa sauti ya mimbarini. "Fuatisha maneno yangu. Mimi Nunzia naapa mbele ya Mungu kwamba Donna Eufemia, mama wa Ignazio Mancarella, ni marehemu."

"Mimi Nunzia naapa mbele ya Mungu kwamba Donna Eufemia, mama wa Ignazio Mancarella, ni marehemu."

"Na kama nimesema uongo."

"Na kama nimesema uongo."

"Nisisamehewe na padri yeyote."

"Nisisamehewe na padri yeyote."

"Roho yangu iungue, isipate mtu wa kuiombea."

"Roho yangu iungue," alisema mzee, "isipate mtu wa..."

Mlango ulipiga ukuta. Don Ignazio aliingia mbio, akajikwaa kwenye zulia, akaanguka magoti mawili mbele ya kiti cha mpishi wake na kuushika ule mkono kwa mikono miwili.

"Utoe! Utoe, mama! Basi, imetosha, siutaki tena huo msalaba!" Akawageukia, uso umelowa. "Andikeni mnachotaka. Huyu ndiye aliyenizaa. Hakuna Eufemia. Ni huyu."

Bi Nunzia aliutoa mkono wake kitabuni, akautazama kwanza, kisha akampiga nao mwanawe kofi lililosikika mpaka uani.

"Punguani wewe! Nani amekuita humu? Miaka kumi na tisa, Ignazio! Miaka kumi na tisa nalala nyuma ya jiko la nyumba yako. Mjukuu wangu ananirushia buti, nasema ndiyo bwana mdogo. Jiwe nililitunga mimi, barua nilikusemea mimi, mpaka nguo nilimshonea yule mwanamke asiyekuwepo! Ilibaki amina. Amina tu! Ungeshindwa nini kungoja amina moja?"

"Nimeshindwa," alisema Don Ignazio, kichwa kimelala kwenye aproni yake. "Nimeshindwa, mama."

Karani aliangalia karatasi, akamwangalia Leandro. "Niandikeje?"

"Andika kilichosemwa," alisema Leandro. "Bibi mzaa baba: yu hai. Si muungwana. Ombi la Corrado Mancarella halikubaliki." Alikuwa amepata neno lake, naye hakujua aitazame dari au sakafu. Baldassare alikuwa amegeukia dirisha, anapangusa macho kwa pembe ya joho.

Bi Nunzia aliweka mkono juu ya nywele za mwanawe, ule ule aliompigia, akamtazama mpelelezi kutoka kichwani mpaka msalabani.

"Wewe. Mlango ule uliuacha wazi makusudi."

"Ndiyo."

"Ungeufunga, ningeapa, na kijana angepanda merikebu."

"Najua."

"Mama yako yuko?"

"Alifariki. Miaka tisa sasa."

"Ulikwenda kumzika?"

Leandro alivuta joho lake mbele. "Sikwenda. Nilikuwa kazini, Malta. Wakuu hawakunipa ruhusa, nami sikuomba mara ya pili."

"Basi mwanangu amekushinda," alisema Bi Nunzia, akamshika Don Ignazio kwapani ili amnyanyue.